Wageni Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatano, kebaya ya kijani ya Wastirah ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, vipande viwili. Ilikuwa imekatwa kutoka shingoni hadi kwenye pindo kwa mkato mmoja ulionyooka. Mundu wa kuvunia mpunga ulikuwa umeegemezwa ukutani chini yake. Aliyefanya kazi ile hakuona haja ya kuuficha.

Wastirah alikuwa anatoka kisimani. Alitua ndoo, akashika kipande kimoja, kisha cha pili, akavilinganisha kama mtu anayepima kitambaa dukani. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, mikono imekakamaa kwa kupandikiza mpunga wa watu. Ile ilikuwa blauzi yake pekee ya jukwaani.

"Rasta," aliita.

Mwanawe alikuwa uani akiifuta pikipiki yake ya bodaboda. Hakugeuka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungeniambia tu."

"Nimekuambia mpaka mate yamenikauka." Alitupa kitambaa juu ya kiti cha pikipiki, akaja hadi mlangoni. Jicho lake moja lilikuwa limevimba tangu jana. "Unajua kijiweni wananifanyia nini? Jana Wasjan kanichomekea noti hapa kifuani, mbele ya abiria. Kanitunza mimi. Anasema, mpelekee bibi, mwambie akatike kidogo."

"Ukamfanyaje?"

"Nikampiga. Kisha wakanipiga wote."

"Basi yameisha."

"Hayajaisha, Mama. Wenzio umri huu wako msikitini, wanavuta tasbihi."

"Mimi pia navuta. Nikimaliza naimba."

Rasta aliinua mguu akaipiga teke sufuria ya mvuke iliyokuwa jikoni juu ya mafiga. Wali ulimwagika kwenye majivu, maji ya moto yakamrukia Wastirah mguuni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda na kuuchovya mguu ndani ya ndoo ya maji aliyotoka kuyateka.

Mumewe, Carkim, aliingia kutoka nyuma ya nyumba akiwa na pampu ya baiskeli. Alimtazama mkewe, akautazama wali, kisha akampiga mwanawe kwa pampu mgongoni, mara mbili. Rasta aliikamata pampu mara ya tatu na kumsukuma. Mzee alijigonga kwenye kabati la vyombo na kukaa chini, miguu mbele, kama mtoto.

Nuryati, mke wa Rasta, alisimama kwenye mlango wa chumba chao na mtoto begani.

"Umemsukuma baba yako," Carkim alisema, kama anayemwarifu habari ambayo huenda hajaipata.

Rasta aliwasha pikipiki akaondoka.

Nuryati ndiye aliyemletea mama mkwe wake kebaya yake mwenyewe, ile ya harusi, ya rangi ya zambarau. Alimpaka dawa ya meno kwenye mguu ulioungua, akamfunga vifungo. "Inabana hapa kifuani, Mama. Ukivuta pumzi ndefu itapasuka."

"Nitavuta fupi."

Carkim alikuwa ameshainuka na anaokota vyombo. "Mimi pia sipendi," alisema. "Ila sikushika mundu."

"Najua, Baba Rasta."

"Leo ndiyo mwisho?"

"Nilianza mwezi wa tatu, na leo ni jukwaa la tatu. Durakman alisema nikimaliza matatu salama nimeingia kundini."

"Sikukuuliza hilo."

"Nimekujibu hilo," alisema Wastirah, akatoka kwenda kungoja gari la vyombo vya muziki barabarani.

*

Jukwaa lilikuwa limejengwa juu ya mapipa, kwenye shamba lililovunwa mbele ya nyumba ya Haji Kusnadi katika kijiji cha Rawakulon. Mwana wa Haji alikuwa ametahiriwa. Asubuhi alizungushwa kijijini juu ya simba wa mbao aliyebebwa na wanaume wanne, na sasa alikaa kwenye kiti cha kifalme, akiishika saruni yake isimguse, akila barafu.

Durakman, kiongozi wa kundi na mpiga gitaa, alikuwa na miaka arobaini na sita na fulana ya hariri. Aliitazama kebaya ya zambarau. "Iko wapi ya kijani? Tumekubaliana kijani."

"Imepata ajali."

"Utaimba saa ya watu kula. Watu wanakula, Bi Wastirah. Usiwashtue."

Mwimbaji mkuu, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyejiita Susi Permata, alikuwa anashuka jukwaani huku akijipepea kwa noti alizotunzwa. "Bibi, viatu umesahau?" alisema. Wastirah alikuwa amevaa ndala kwa sababu ya mguu ulioungua.

"Sikusahau."

"Basi simama nyuma ya spika. Watu wanaangalia miguu kwanza." Alisema bila ubaya, kama anayempa mwenzake siri ya kazi, akaenda kunywa maji.

Wastirah aliimba tarling ya zamani, ile ya gitaa na filimbi, kabla kinanda cha umeme hakijaingia: mke amesimama forodhani, meli imekwenda, na yeye anaisema meli badala ya kumsema mume. Hakukatika. Alisimama na mkono mmoja tumboni, akivuta pumzi fupi fupi kwa ajili ya kebaya, na ufupi huo ukaufanya wimbo usikike kama wa mtu anayejizuia. Wapishi walitoka jikoni. Mzee mmoja aliweka sahani ya bata chini, akapanda jukwaani na kumtunza. Akafuata mwingine. Durakman alimtazama mpiga filimbi, akamfanyia ishara ya mkono: rudia, usimalize.

Kisha wakaja vijana. Wa kwanza alikuwa Darmin, mpwa wa Haji Kusnadi, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega ya kubebea magunia. Alimpa Wastirah noti ya bluu na kumwambia sikioni, "Rawakulon." Baada yake alipanda kijana wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji, anakotoka mke wa Haji. Wao walikuwa wamekuja kwa pikipiki, wengi, fulana za sare moja. Alitoa noti nyekundu, yenye thamani mara mbili ya ile ya bluu. "Jatikidul, Mama."

Kazi ya kutaja vijiji ilikuwa ya mshereheshaji, Kaspen. Kaspen alikuwa jikoni anaongezwa bata. Filimbi ilikuwa inacheza peke yake, noti zilikuwa mkononi mwa Wastirah, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wanamtazama. Akainua maikrofoni.

"Ahsanteni wageni wetu, vijana wa Jatikidul," alisema. "Na ahsanteni wenyeji wetu, vijana wa Rawakulon."

Wastirah alipokuwa msichana, mgeni alitajwa kwanza. Mwenyeji aliyetajwa kwanza kwenye jukwaa lake mwenyewe angeona haya, kana kwamba amejipakulia kabla ya mgeni. Lakini hapo katikati majukwaa yalikuwa yameingia mikononi mwa vijana, na siku hizi kijiji kinachotajwa kwanza ndicho chenye uwanja. Kila mtu wa chini ya miaka arobaini katika ukanda ule wa pwani alilijua hilo. Hakuna aliyemwambia Wastirah kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Kwenye majukwaa yake mawili ya mwanzo, Kaspen alikuwepo.

Durakman alimsogelea bila kuacha gitaa. "Taja wenyeji tena."

"Nimewataja."

"Wataje peke yao. Waombe radhi."

"Radhi ya nini? Wageni kwanza, Durakman. Tuko kwa watu."

Darmin alikuwa ameshafika ukingoni mwa jukwaa. Hakupandisha sauti. "Bibi. Hapa kwa nani?"

"Kwa Haji Kusnadi, mwanangu."

"Kijiji gani?"

"Rawakulon."

"Umeanza na nani?"

Wastirah alizitazama noti mkononi mwake. Alikuwa anaanza kuelewa. Kutoka nyuma mmoja wa vijana wa Jatikidul alicheka. "Mwacheni bibi wa watu. Kaangalia noti, kajua nani mwenye nyumba."

Kiti cha plastiki kilimpiga kijana huyo usoni kabla hajafunga kinywa.

*

Video tatu zilipigwa kwa simu, na zikiwekwa pamoja zinaonyesha karibu kila kitu. Vijana wa Rawakulon waling'oa miti ya hema, mianzi mibichi yenye unene wa mkono, na turubai likaanguka juu ya meza za wageni. Wa Jatikidul walikuwa wamefunga minyororo ya pikipiki viunoni, chini ya fulana. Sufuria ya mchuzi wa bata ilipinduliwa juu ya mwanamke aliyekuwa ameinama kumwokota mtoto. Mwanamume mmoja alitoka katikati ya vumbi ameshikilia sikio lake, na sikio lilikuwa limebaki kwa ngozi tu. Nyanya wa mtoto aliyetahiriwa alimbeba kichwa chini, kama furushi, na mtoto alikuwa analia kwa maumivu ambayo hayakuhusiana na vita.

Jukwaani, Susi Permata aliingia chini ya mbao, kati ya mapipa. Mpiga ngoma alimfuata.

"Endelea," Durakman alimwambia Wastirah. "Tukinyamaza watahamia huku. Piga sifa za Mtume."

Kila kundi la ukanda ule linajua njia hiyo. Mpiga filimbi alibadilisha, na Wastirah akaanza kumsifu Mtume kwa sauti ileile ya forodhani, safari hii kwa pumzi ndefu. Kebaya ya Nuryati ilipasuka ubavuni. Inaonekana wazi kwenye video ya pili: upande wa kushoto, vijana sita au saba wanashusha mianzi. Mmoja anajifuta damu na kuitikia. Mzee wa msikiti anapita kati yao akiwasukuma kwa viganja, nao wanakubali kusukumwa. Ilikuwa inafanya kazi.

Wakati huo ndipo Rasta alipofika. Alikuwa amekaa kijiweni asubuhi nzima, kisha akaamua kumfuata mama yake na kumrudisha nyumbani kwa nguvu. Hakujua lililotokea. Aliona mama yake juu ya jukwaa, nguo imechanika ubavuni, na chini yake wanaume wenye damu. Aliangusha pikipiki, akaruka jukwaani, akamkamata mkono.

"Shuka."

"Niache. Wanatulia, niache nimalize."

"Shuka, Mama, unanitia aibu." Alimvuta. Sauti ikakatika.

Walichoona vijana wa Rawakulon ni mtu wasiyemfahamu, amejaa vumbi la barabarani, akimburuta mwimbaji. Darmin alipanda na mwanzi. Pigo la kwanza lilimpata Rasta kwenye taya, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa wazi, lilisikika kwenye spika zote nne. Rasta alipiga magoti. Pigo la pili lilimpata mgongoni, pale alipopigwa asubuhi. Alilala kifudifudi, mguu mmoja ukitetemeka.

Darmin aliutupa mwanzi. Alimtazama mtu aliyemwangusha kwa muda mfupi, akageuka ili ashuke. Hapo pana mabishano, lakini video ya tatu haina shaka: alikuwa amekwisha geuka, mikono mitupu.

Wastirah alishika stendi ya maikrofoni kwa mikono miwili, kitako cha chuma juu. Susi Permata, akichungulia kutoka chini ya mbao, alipiga kelele, "Kaka, nyuma!" Darmin akageuza uso. Kitako kilimwingia kwenye jicho la kushoto. Alipoanguka, Wastirah alimpiga tena begani. Alikuwa ameinua mara ya tatu Durakman alipoikamata stendi.

"Kafa huyo," Durakman alisema. "Umeua."

Hakuwa amekufa. Wastirah aliiachia stendi, akakaa chini, akakipakata kichwa cha mwanawe. Meno mawili ya Rasta yalikuwa kwenye mbao. Aliyaokota, akayatia ndani ya mfuko wa noti alizotunzwa.

*

Kikao cha suluhu kilifanyika Jumanne iliyofuata nyumbani kwa mkuu wa kijiji cha Rawakulon, aliyeitwa Taswan. Walikaa kwenye mkeka: mkuu, Haji Kusnadi, Sarkum baba yake Darmin, afisa wa polisi aliyeitwa Yudhi, Durakman, na upande wa pili Wastirah, Carkim na Rasta. Taya la Rasta lilikuwa limefungwa kwa waya ndani ya kinywa. Siku hizo alikuwa akinywa uji kwa mrija na kusema kwa meno yaliyoumana. Binti wa mkuu alileta chai. Alimwekea kila mtu glasi, akawaruka watatu hao wa upande wa pili, akarudi jikoni.

Darmin alikuwa hospitali ya mjini. Jicho lilikuwa limeondolewa.

"Tumeongea na pande zote," Taswan alianza. "Mambo ya Jatikidul tumeyamaliza na wenzetu, hayo tuyaache. Hapa tuna taya na tuna jicho. Haviko sawa, lakini ni damu kwa damu, kila mmoja atamtibu wake. Mzee Sarkum hataki fidia. Nasema kweli?"

"Sitaki hata senti," alisema Sarkum. Alikuwa mtu mfupi, fundi wa mashine za kukobolea mpunga, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta.

"Ana sharti moja tu. Akilipata, afisa hapa anafunga jalada."

"Nitalifunga," alisema Yudhi. "Mlalamikaji akiondoa malalamiko, mimi sina kesi."

Taswan alivuta kitabu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe na kukiweka katikati ya mkeka. "Mama Rasta ataweka mkono hapa, aape kwamba hatashika maikrofoni tena maisha yake. Si hapa, si popote. Kisha tunakunywa chai."

Carkim alishusha pumzi. Alikuwa ameuza kibanda cha bata ili ajiandae kwa fidia, na sasa haikuhitajika. "Hilo jepesi," alisema. "Tunashukuru sana, Mzee Sarkum."

"Kwangu mimi halina shida," Durakman alidakia. "Nimeshamwachisha tangu siku ileile. Kundi langu halina mtu wa jina hilo."

Wote walimtazama Wastirah. Alikuwa amekitazama kitabu.

"Siwezi kuapa," alisema.

"Una hedhi?" aliuliza Haji Kusnadi, na mtu mmoja akacheka puani.

"Kwa umri wangu, Haji? Nina udhu. Siwezi kuapa kwa sababu nitaimba."

"Utaimba wapi?" Taswan alisema kwa upole. "Huna kundi. Durakman kasema. Hakuna mwenye sherehe atakayekuita pwani hii yote. Dada, unaapa kuacha kitu ambacho huna."

"Kama sina, mnataka niape kwa nini?"

Carkim alimsogelea sikioni, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. "Sema tu, Mama Rasta. Ukiimba shambani, nani atakuja kukusikiliza?"

"Kitakuwa kimesikia hicho," alisema, akionyesha kitabu kwa kidevu.

"Mwanangu hana jicho," alisema Sarkum.

"Najua."

"Na wewe unataka kuimba."

"Ndiyo."

"Huoni aibu?"

"Ya jicho naiona. Nililitoa mimi. Alikuwa ameshageuka, hakuwa na kitu mkononi, nikampiga, nikampiga tena. Sitasema vinginevyo mahali popote. Nifungeni kwa hilo, Mzee Sarkum, ni haki yako. Lakini wimbo haukumgusa mwanao."

Taswan alimtazama afisa. Afisa alikuwa akizitazama soksi zake.

Rasta alijisogeza kwa magoti juu ya mkeka hadi mbele ya mama yake. Aliinama na kuikamata miguu yake kwa mikono miwili, kama wafanyavyo watoto asubuhi ya Idi. Mguu mmoja ulikuwa na kovu jipya la maji ya moto, na aliushika bila kuuangalia. "Mama," alisema kwa meno yaliyofungwa. Mate yalimtoka pembeni. "Apa. Twende nyumbani."

Wastirah alimtazama kisogo. Alitoa mkono mmoja wa mwanawe, kisha wa pili, akaiweka yote miwili juu ya mapaja ya Rasta mwenyewe.

"Kaa vizuri," alimwambia. "Waya utalegea."

Sarkum alirusha glasi yake ya chai. Haikuwa ya moto tena, lakini glasi ilipasukia juu ya nyusi ya Wastirah na kumchana hadi kwenye nywele. Damu iliteremka upesi na kuingia jichoni. Carkim aliinuka nusu. Haji Kusnadi alimkamata Sarkum kiunoni. Hakuwa na haja, maana Sarkum alikuwa ameshakaa, ameziba uso kwa mikono, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Niliwaambia sitaki fedha," alisema kutoka ndani ya viganja. "Nilitaka kitu kimoja tu kitoke kwake."

Taswan alikiokota kitabu kabla damu haijafika, akakipangusa kwa mkono wa shati na kukirudisha rafuni. Kisha akamwambia Yudhi, "Mchukue."

*

Kituo cha polisi kilikuwa na madawati mawili na feni moja. Yudhi alimpa Wastirah pamba na plasta, akangoja hadi alipomaliza kujifunga mbele ya kioo cha kabati. Carkim alikuwa amewafuata kwa baiskeli na alikaa nje kwenye benchi. Rasta hakuja.

Afisa aliandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi.

"Jina."

"Wastirah binti Kardipan."

"Umri."

"Hamsini na minne."

"Dini naijua. Anwani ninayo." Aligonga herufi chache. "Ndugu wa kuarifiwa, mume. Yule pale nje?"

"Yule."

"Unajua mahakama haitaangalia huo uso wako? Ushahidi wenyewe ni video, na maneno yako umeyasema mbele ya mkuu wa kijiji. Ni miezi hiyo, mama yangu. Huenda ikafika mwaka."

"Nimesikia."

"Naweza kukaa hapa polepole. Mashine hii ni mbovu, kila mtu anajua. Ukitaka kurudi kule, Mzee Sarkum hajafika mbali."

"Andika tu, mwanangu."

Yudhi alikivuta kitambulisho chake karibu, akakisoma, akaanza kuandika. "Kazi. Mama wa nyumbani."

"Mwimbaji."

Aliinua macho. "Kitambulisho kinasema mama wa nyumbani."

"Kinasema hivyo."

Feni ilizunguka. Afisa aliiangalia skrini, akamwangalia mwanamke mwenye plasta kwenye paji la uso na ndala miguuni. Kisha akabonyeza kitufe cha kufutia, herufi moja baada ya nyingine, hadi nafasi ilipobaki tupu.

"Ya muda au ya kudumu?"

"Ya kudumu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu," alisema Wastirah, na Yudhi akaandika.